Saa ya Muteti Isiyotaka Betri

Kwa miaka ishirini na saba Muteti alichonga mawe machimboni Kitengela bila saa mkononi. Si kwamba hakuitaka. Mbili alizowahi kununua zilikufa kwa mtikisiko wa nyundo, kila moja kabla mwezi haujaisha, naye akaapa hatanunua nyingine mpaka siku atakayoweka nyundo chini.

Siku hiyo ilikuja mapema kuliko alivyotaka. Kikohozi alichodhani ni mafua kilikataa kwenda. Daktari huko Kajiado alimwonyesha picha ya kifua chake, akamwambia vumbi la mawe limeganda ndani na halitoki tena. Wenzake wakamchangia pesa kidogo za kumuaga. Mkewe, Syokau, alitaka wanunue mabati ya jikoni.

"Hapana," Muteti akasema, kwa sauti ambayo mkewe hakuizoea. "Hizi si za nyumba. Hizi ni zangu."

Akaenda kwa Njuguna, fundi wa saa mwenye kibanda karibu na soko.

"Hii ni otomatiki, mzee," Njuguna akamwambia. "Haitaki betri, haitaki kujazwa. Ndani iko na kichuma kinazunguka ukitembeza mkono. Kuna zingine utauza shamba ndio ununue, lakini hii ni ya bei ya mtu wa kawaida." Akaigeuza. Mgongo wake ulikuwa wa kioo, na Muteti akakiona kichuma chenyewe kikiyumba huku na huku. "Lakini unafanya kazi gani?"

"Mawe."

"Basi wacha. Nyundo itaiua."

"Nyundo nimeacha."

Njuguna alitazama kile kifua kilivyopanda na kushuka kwa shida, akamfunga saa mkononi.

Siku mbili Muteti alikuwa mtu mwingine. Alimtajia jirani saa kabla hajaulizwa. Kanisani alikunja mkono wa shati ingawa kulikuwa na baridi. Siku ya tatu aliamka akakuta mishale imesimama. Akaitikisa, ikaenda. Kesho yake ikasimama tena.

Alirudi sokoni akipumzika mara tatu njiani, hasira imemkaba kuliko kikohozi. "Umeniuzia takataka!"

Njuguna hakubishana. Aliifungua, akaikagua, akaivaa mwenyewe, akamwomba arudi siku mbili baadaye. Muteti aliporudi, aliikuta haijapoteza hata dakika.

"Saa ni mzima, mzee," fundi akasema polepole. "Ni wewe hutembei. Mtu akishinda kwa kiti, hii inakufa njaa. Unataka nikubadilishie ya betri?"

"Hapana."

 Kuanzia kesho yake alianza kuzunguka ploti kila asubuhi, akirusha mkono wa kushoto kama askari wa gwaride. Syokau aliondoka alfajiri kwenda kuuza nyanya zinazoletwa kutoka Kimana, kwa hiyo hakuyaona hayo, mpaka siku aliporudi mapema akamkuta nyuma ya nyumba. Alikuwa ameketi juu ya tofali, midomo imekuwa ya kijivu, na bado anauzungusha mkono.

"Baba Mwende! Unafanya nini?"

"Natembeza saa."

Syokau hakucheka. Aliketi chini kando yake, na leso yake ya sokoni kiunoni. "Si uliambiwa upumzike?"

"Nikipumzika inasimama."

Walikaa hivyo mpaka pumzi ikamrudia. Ndipo Muteti akafungua mkanda, akaushika mkono wa mkewe, akamvisha.

"Wewe hukai chini. Vaa."

"Siwezi. Hii umenunua na jasho yako."

"Vaa, mama. Mimi nimechoka."

Katika miaka yao yote Syokau hakuwahi kumsikia akilitamka neno hilo. Akaiacha mkononi. Kwa kuwa mkanda ulikuwa mkubwa kwake, alitoboa tundu jingine kwa msumari wa moto.

Wateja wakaisifia saa, naye akawajibu kwamba ni ya mzee. Kila jioni aliivua na kumrudishia, naye Muteti akaivaa akinywa chai, akimuuliza habari za soko huku akiitazama mishale inavyokwenda. Mbithi, waliyechonga naye mawe tangu ujana, alikuja Jumapili moja, akaishika, akaiweka sikioni. Akasema ni saa ya maana, kisha akairudisha.

Mvua za Novemba zilimlaza Muteti kabisa. Jioni moja Syokau aliingia amelowa, akajifuta mikono, akaivua saa na kumnyooshea.

"Kaa nayo tu," Muteti akasema, macho yameelekea ukutani.

"Hata kidogo? Ukinywa uji?"

Muteti akavuta blanketi hadi kidevuni. Syokau alisimama pale kando ya kitanda akiisikia mvua juu ya bati. Kisha akaivaa tena, akaenda jikoni kupasha uji, akakaa huko muda mrefu kuliko uji ulivyohitaji.