Mlio wa Gurudumu la Kushoto

Kazi yangu ni kupika chakula cha shughuli. Harusi, kipaimara, misiba, mikutano, popote wanapohitaji wali wa watu wengi naitwa. Kwa miaka mingi nilikodi magari ya watu kubeba sufuria zangu, na mara nyingi walinichelewesha mpaka chakula kikafika kimepoa. Kwa hiyo nilipopata kirikuu changu, kigari kidogo cha mizigo chenye injini chini ya kiti, nilikipenda kama mtu anavyopenda nyumba yake ya kwanza.

Masika ya pili breki zikaanza kulia. Haukuwa mlio mzito. Ulikuwa mwembamba na mkali, mithili ya uma unaokwaruza sahani, na ulitoka mbele upande wa kushoto. Siku moja nilipeleka chakula kwenye msiba pale Mlabani. Nilifika watu wameinamisha vichwa, katekista anaongoza sala, na kigari changu kikapita pembeni ya turubai kikipiga kelele. Watu wakageuka. Hata mfiwa aligeuka. Siku hiyo niliamua kwamba lazima nimtafute fundi.

Kila niliyemuuliza alinielekeza kwa mzee mmoja, Mpogoro aliyeteremka kutoka Mahenge akiwa kijana na kuzeekea kwenye magari. Gereji yake ilikuwa banda la mabati na miti, lakini sifa yake ilikuwa kubwa: ni fundi wa sikio. Walisema aliweza kugusisha ncha ya bisibisi ndefu kwenye injini, akaweka mpini sikioni, na akakutajia kilichoharibika kabla hajafungua nati hata moja.

Alinipokea vizuri. Alivua gurudumu, akanionyesha pedi za breki zilivyolika, akafunga mpya na kuipiga diski msasa mpaka ikang'aa. Kisha tukaenda kuijaribu, yeye akiendesha, hadi Kivukoni karibu na daraja na kurudi. Njia nzima ule mlio ulikuwepo.

"Umesikia, mzee?" nilimuuliza.

"Imetulia," alisema. "Pedi mpya zinataka siku chache zizoeane na diski."

Nilimwamini. Wiki ikapita, mlio haukwenda popote. Nikarudi. Safari hii alifungua dramu za nyuma, akatoa vumbi na tope kavu, akaosha kila kitu. Tukaenda tena Kivukoni.

"Imetulia, mama."

"Mzee, bado inalia. Hata sasa hivi inalia."

Alinitazama mdomoni, akatabasamu kidogo. "Gari likizeeka linakuwa na sauti nyingi. Nyingine ni za kuzoea."

Nilikasirika. Niliona ananichukulia kama mwanamke asiyejua magari, anayesikia mambo ambayo hayapo. Jioni ile, tukiwa tunachambua mchele, niliwaambia wapishi wenzangu kwamba yule mzee kaisha, anaishi kwa jina tu. Mmoja wao alikuwa anajiandaa kumpelekea gari la mume wake. Hakulipeleka.

Mara ya tatu nilikwenda kwa ugomvi. Nilitaka twende wote, yeye akiendesha kama kawaida, nimsimamishe njiani, nimwambie palepale. Tulipofika Kivukoni nilishuka kwanza kununua maji kwenye kibanda, ili nipoe kidogo. Simu yangu niliiacha mbele ya usukani. Nyumbani nilikuwa nimeacha maharage motoni, dada yangu akiyaangalia, na nilikuwa nimetega simu inikumbushe kumpigia.

Nikiwa bado kwenye kibanda nikaisikia. Simu yangu ina mlio mwembamba sana, niliuchagua makusudi ili niusikie katikati ya kelele za jikoni. Ilikuwa inalia bila kupumzika. Muuza duka aliisikia, akaniambia, "Mama, simu yako hiyo." Nilirudi haraka. Mzee alikuwa amekaa, simu iko mbele yake, mkono wake ungeifikia bila kuunyoosha. Alikuwa anawatazama wavuvi wanaofunga mitumbwi. Uso wake ulikuwa umetulia kabisa.

Niliichukua nikaizima. Hapo ndipo alipogeuka.

"Wamepiga?"

"Hapana, mzee. Ni saa tu."

Tukarudi gereji. Hasira yote iliyonipeleka pale ilikuwa imekwisha, na badala yake nilikuwa na aibu, ingawa sikujua vizuri ni aibu yangu au yake.

Siku mbili nilifikiri la kufanya. Lililokuwa jepesi ni kwenda kwa fundi mwingine, yupo kijana mzuri kule mtaa wa Lipangalala, na mzee asingejua. Lakini nilikuwa na jambo langu ambalo wateja wangu hawalijui mpaka leo. Kuna wakati niliugua, na nilipopona pua yangu ilikuwa haisikii harufu yoyote. Miezi kadhaa nilipika harusi za watu nikiwa sijui kama kitunguu kimeungua au la. Dada yangu alisimama karibu na sufuria, ananinusia, ananinong'oneza. Sikumwambia mtu. Niliogopa kwamba nikisema, nitakuwa nimekwisha.

Nikarudi kwake asubuhi na mapema, kabla wateja hawajafika. Alikuwa anafuta spana kwa kitambaa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Karibu."

Nilikaa juu ya tairi, nikahakikisha ananiona usoni. "Nina neno, na ukinikasirikia nitaelewa. Ile sauti bado ipo. Nadhani huisikii."

Aliendelea kuifuta ile spana. Aliifuta muda mrefu, ilhali ilikuwa safi tayari.

"Ni ile simu," alisema. "Niliona ulivyoitazama, halafu ukanitazama mimi."

"Ndiyo."

"Sijui ilianza lini. Inaondoka polepole, huwezi kusema imeondoka leo. Sauti nzito nazisikia. Gia nazisikia, beringi ikiunguruma naisikia. Hizi nyembamba ndizo zimeniacha. Mke wangu tu ndiye anajua, maana amechoka kuita." Akaweka spana chini. "Nilipokuambia uzoee, nilijua sisemi kweli. Unisamehe kwa hilo."

Nikamwambia yamekwisha. Sikumwambia yale niliyoyasema kwa wapishi wenzangu, sikuwa na ujasiri huo.

Akavuta kigoda akakaa mbele yangu. "Haya, nieleze. Usiniambie inalia. Niambie inalia lini."

Nilifikiri. "Gari likiwa linatembea. Likikata kona inazidi."

"Asubuhi ukitoka tu, au baada ya mwendo?"

"Baada ya mwendo. Asubuhi inakuwa kimya mpaka nifike kama sokoni hivi."

"Ukikanyaga breki inaendelea au inanyamaza?"

"Inanyamaza."

Akanitazama. "Inanyamaza ukikanyaga?"

"Kabisa. Nikiachia inarudi."

"Mama, mimi nilitengeneza breki inayolia ikikanyagwa," alisema. "Sikukuuliza. Zamani sikuwa na haja ya kuuliza watu, nilikuwa nasikia mwenyewe."

Safari hii niliendesha mimi, yeye akakaa kushoto. Alinielekeza nisikanyage breki ovyo, na kila sauti ikianza ninyooshe kidole juu ya usukani. Tulikwenda hivyo hadi karibu na daraja, kidole changu kikipanda na kushuka, yeye akikifuatilia kidole na barabara kwa zamu. Tuliporudi aliniambia niachie gari liishiwe nguvu lenyewe mbele ya banda. Akashuka na kugusa rimu ya kulia kwa mgongo wa mkono. Akazunguka, akagusa ya kushoto, akauondoa mkono haraka.

"Njoo usogeze mkono wako. Usiguse sana."

Ya kulia ilikuwa na uvuguvugu tu. Ya kushoto ilikuwa na joto la sufuria iliyoepuliwa sasa hivi.

Alipiga jeki akavua gurudumu. Akanifundisha huku akifanya kazi, na nilielewa kila kitu. Kalipa, kile chuma kinachozibana pedi kwenye diski, kinatakiwa kiteleze juu ya pini mbili. Pini ya chini ilikuwa nzima. Ya juu ilikuwa imeganda kwa kutu, kwa sababu kimpira kinachoikinga kilichanika na tope likaingia, tope la barabara ya Mahenge ninayopita masika nikipeleka chakula ng'ambo ya mto. Kalipa ikishabana, haikuwa inarudi. Pedi ya ndani ilikuwa inaisugua diski siku nzima, na ilikuwa imelika nusu wakati mwenzake bado mpya.

"Siku ile ya kwanza nilifungua bolti ya chini peke yake, nikaiinua kalipa nikabadilisha pedi," alisema. "Ni njia ya haraka, kila fundi anaifanya. Ya juu sikuigusa." Hakujitetea zaidi ya hapo.

Aliitoa ile pini kwa taabu, akaisugua, akaipaka grisi ya breki, akafunga kimpira kipya na pedi mpya pande zote mbili.

Tulipotoka kujaribu, mvua ilikuwa imetoka kunyesha na madirisha yalikuwa wazi. Kimya. Nilikata kona makusudi, nikaachia, nikakanyaga. Kimya.

"Nakuuliza wewe," alisema. "Imekwisha?"

"Imekwisha, mzee."

Akaomba nisimame pembeni, kwenye mashamba ya mpunga. Nilidhani anataka kugusa rimu, na kweli aliigusa. Halafu akabaki amesimama anayatazama maji yaliyotuama mashambani.

"Vyura wadogo," alisema. "Wale wanaolia mvua ikikatika. Bado wapo?"

Walikuwa wanalia kila upande, karibu tuinue sauti ili tusikilizane.

"Wapo, mzee. Wengi sana."

"Ni masika ya tatu sasa siwasikii. Nilidhani dawa za mashambani zimewamaliza. Nikawa nasikitika." Akacheka kidogo, akafuta mikono kwenye suruali, akapanda gari.

Kwa yule mpishi mwenzangu aliyeacha kupeleka gari la mume wake nilikwenda kesho yake. Nilimwambia nilikosea, gari limepona, mzee ni fundi. Akauliza mbona nilisema vile. Sikuweza kumweleza bila kutoa siri isiyo yangu, kwa hiyo niliishia kurudia kwamba nilikosea, na naona hakuniamini.

Mzee alikwenda kupimwa masikio, mke wake alimsindikiza. Walimwambia sauti zilizoondoka hazitarudi, lakini akiuacha msumeno wa umeme wa kukatia vyuma na kufunika masikio anapogonga chuma, zilizobaki anaweza kukaa nazo muda mrefu. Wateja wengine walimkimbia habari ilipoenea, maana aliieneza mwenyewe. Wengine tulibaki.

Mwezi uliopita nilikuwa pale nikisubiri kubadilisha oili. Mbele yangu alikuwapo mfugaji mmoja, Msukuma mrefu, mwenye bajaji ya mizigo iliyoharibika. Mzee alimkalisha kwenye kigoda wakatazamana.

"Mimi sauti nyembamba sizisikii," alimwambia. "Kwa hiyo uniambie inaliaje, na inalia lini."

Yule bwana akanitazama mimi, akatazama barabarani, akaona haya. Kisha akajikaza, akakunja midomo, akaanza kuitoa ile sauti ya bajaji yake, taratibu, kwa uangalifu, na mzee akamwinamia kumtazama mdomo.