Mukandori Nje ya Lango

Mukandori alikuwa mtunza ghala katika kampuni moja ya mizigo kule Rubona, na kazi hiyo ndiyo iliyowalisha nyumbani kwake Mbugangari tangu mumewe afariki. Alikuwa likizo ya uzazi, ananyonyesha Belise wake, Ingabire wa ofisini alipompigia simu: kampuni inapunguza watu. Anayetaka kubaki aingie kwenye tovuti ya wafanyakazi athibitishe kabla ya ofisi kufungwa Ijumaa. Asiyethibitisha amejiondoa.

Angekwenda kazini siku ileile, yangekwisha. Lakini sisi wa Mbugangari tumejizoesha vibaya. Kitambulisho, cheti cha kuzaliwa, hati ya kiwanja, vyote tunampelekea Faradji kwenye kibanda chake cha kompyuta, na neno la siri tunamtajia kwa sauti foleni nzima ikisikia. Yeye hufungua tovuti ya serikali, hubonyeza, tukaenda zetu. Basi Mukandori naye akamwendea Ijumaa mchana, mtoto mgongoni, roho imetulia.

Ukurasa wa kuingilia ukafunguka, lakini ukakataa kumwingiza. Faradji, ambaye hajui kushindwa mbele ya wateja, akajaribu tena na tena mpaka akaunti ikafungwa. Ndipo akili ikamrudia.

"Mama Belise, hii haiko kama ile ya serikali," akasema. "Ile ni soko, kila mutu anaingia, hata akiwa Goma. Hii ni intraneti, iko jikoni ya kampuni. Kama hauko ndani ya parseli yao, ndani ya lango lao, hauwezi kuingia."

Kumbe alijua! Nilikuwa nyuma ya Mukandori kwenye foleni, na hasira ile sijaimaliza hadi leo.

Yaliyofuata alinisimulia Mukandori mwenyewe. Alipanda pikipiki hadi Rubona, akimwomba Mungu njia nzima. Langoni akaweka kadi yake, mashine ikaikataa, maana lango nalo lilisoma akaunti ileile. Karekezi, mlinzi aliyekula harusini kwake, akainamisha kichwa akasema haruhusiwi kumfungulia mtu ambaye mashine haimjui. Ingabire akatoka, akawapigia mafundi wa Kigali. Walisema akaunti itafunguliwa Jumatatu. Mukandori akashika vyuma vya lango akalia bila kujificha, na mtoto akalia naye.

Saa ya kufunga ikapita. Ingabire alikuwa amerudi mezani kwake, na alipotoka tena hakuweza kumtazama mwenzake usoni. Intraneti ilikuwa imemletea ujumbe: je, atakubali nafasi ya mtunza ghala?

"Inangoja jibu yangu," akasema. "Nikikataa, wanatuma mutu wa Kigali."

Mukandori akajipangusa uso kwa kitenge cha mtoto.

"Rudi ndani, bonyeza ndiyo," akasema. "Na ule mulango wa nyuma wa ghala unakwamaka. Usukume na bega kwanza, ndio ufunguo unazunguka."