Fainali ya Lubondja

Mwanangu, iko asubuhi moja ya ujana wangu ambayo nikiifikiria, masikio yananiwaka hadi leo. Nilitoka Baraka kwa gari la mizigo, nikipanda kwenda Fizi na daftari langu ndani ya nailoni. Humo nilikuwa nimeandika matokeo ya ligi yetu ya basiketi ya wanawake tangu ilipoanza. Nilikuwa shabiki wa timu ya Baraka kupita kiasi. Mechi zao nilizifuata hata kwa miguu.

Msimu mmoja tu ulikosekana, ule uliokatizwa na vita. Watu walikimbia, ofisi ya ligi ikaporwa, nyaraka zikaungua. Ilijulikana kwamba fainali ilikuwa kati ya Baraka na Lubondja. Lubondja walidai wameshinda. Sisi tulisema haikumalizika. Mimi nikavuka hata hapo: nikaandika kwamba Baraka ilishinda, nikagawa na pointi kwa kila mchezaji.

Mzee Asukulu, aliyekuwa mwandishi wa pointi wa ligi zamani, alinipokea kwake Fizi kwa chai, nikampa daftari. Alisoma taratibu, akafika ukurasa ule, akavua miwani. Aliuliza nimeyapata wapi. Nikamjibu kwamba watu wanajua.

“Mutoto yangu,” akasema, “hii haiko mechi. Ni mapendo yako umeandika. Kule Lubondja kuko bamama balitoka jasho ile siku. We umebafuta na wino ya bic.”

Hakupaza sauti, na ingekuwa afadhali angenifokea. Nikaufuta ukurasa mbele yake, nikaahidi kutafuta matokeo ya kweli.

Nilitafuta karibu mwaka mzima, parokiani, mashuleni, kwa makocha. Kila niliyemwuliza alicheka: watu walikimbia na watoto mgongoni, nani angebeba karatasi za mechi? Mwishowe nikafika Kazimia, kwa mwalimu mmoja aitwaye Neema, binti wa marehemu katibu wa ligi. Siku hiyo nilikuwa nimechoka, sikuuliza mambo ya mechi. Nilimwuliza tu waliishije wakati wa vita katika kambi ya wakimbizi, ng'ambo ya ziwa. Akanieleza kwamba aliwafundisha watoto kusoma, na kwa kukosa madaftari aliandika masomo nyuma ya karatasi alizozikuta katika mfuko wa baba yake. Alisema bado anazo.

Alizileta. Upande mmoja zilikuwa na a, e, i, o, u. Nikageuza moja: ilikuwa karatasi ya pointi ya fainali ile.

Fainali ilichezwa mpaka filimbi ya mwisho. Chini zilikuwepo sahihi za makapteni wote wawili. Lubondja ilishinda kwa kikapu kimoja.

Sikufichi, nilizihesabu pointi upya, nikitumaini kuona kosa. Neema alinitazama, akasema kwamba hakuna mwingine aliyeiona, na yeye anaweza kuirudisha mfukoni. Nikamwomba aniazime niipeleke Lubondja.

Kapteni wao wa wakati ule, Mama Mauwa, nilimkuta shambani anang'oa muhogo. Alipangusa mikono kwenye kitenge, akaitafuta sahihi yake kwa kidole hadi akaipata.

“Batoto yangu banasemaka naota,” akasema. “Leo batajisomea.”

Jumapili iliyofuata watu wa Lubondja walialikwa kiwanjani Baraka, na Mzee Asukulu mwenyewe akaisoma karatasi ile, jina baada ya jina. Wachezaji wa Lubondja waliosalia walisimama. Kwa waliofariki, walisimama watoto wao. Kapteni wetu wa zamani, yule aliyetia sahihi, akakivuka kiwanja, akaunyanyua mkono wa Mama Mauwa juu. Baraka nzima, iliyoukana ushindi huo miaka yote, ikapiga vigelegele. Na mimi, shabiki wa walioshindwa, nilipiga kelele hadi sauti ikakauka. Hakuna ushindi wetu wowote ulionipa furaha kama ule.

Basi, mwanangu, unapoanza nawe kazi ya kuandika, ninachokuachia ni hiki. Usipojua, acha nafasi wazi. Usiijaze kwa kile unachokipenda, maana chini ya wino wako kuna watu. Tafuta bila kuchoka, na unapouliza, waache watu wasimulie maisha yao, si lile swali lako peke yake. Ukiukuta ukweli umekuangusha, ubebe wewe mwenyewe mpaka kwa mwenye nao. Utarudi ukiwa mkubwa kuliko ulivyokwenda.

Mungu aiongoze miguu yako, aulinde mkono wako unapoandika, na kazi yako iwape watu wengi sababu ya kusimama.