Saa ya Chai

Nyumbani kwetu Temeke, mtoto aliyeingia kwa jirani akakuta wanakula na asirudi nyuma, alikuwa amemvua mama nguo. Mdoezi: mama alilichukia jina hilo kuliko matusi yote. Kukaribishwa hakukuhesabiwa, maana kila mtu hukaribisha. Unasema umeshashiba, unaondoka, hata kama tumbo linanguruma.

Kaka yangu alilishika somo hilo kuliko sisi sote. Akaondoka nalo hadi chuoni, bara, kusomea udaktari, enzi zile za Mwingereza ambapo mtaa wetu ulikuwa haujatoa hata karani wa maana. Mama alianza kuitwa Mama Daktari kabla mwanawe hajapanda treni, naye akawa anaitika.

Huko chuoni kila mwanafunzi mgeni alipewa mwalimu wa kumshauri: achukue masomo gani, na somo likimshinda afanyeje. Wa kaka alikuwa Mzungu aliyewapokea wanafunzi wake barazani kwake, saa kumi, wakati wa chai. Kemia ilikuwa imemkaba kaka. Kila wiki alikwenda, na kila wiki alikuta vikombe vimeshapangwa, wenzake wanatafuna keki na kuuliza yao. Apige hodi? Thubutu! Aliishia langoni, akageuza.

Mwisho wa mwaka akafeli, akarudishwa nyumbani. Wenzake wawili walioshindwa kemia walikuwa wamehamishiwa masomo mengine mapema, wakabaki. "Nilikungoja mwaka mzima," mwalimu alimwambia. "Nikaona hutaki ushauri." Mzungu yule naye! Mdomo alikuwa nao, si angemwita? Hasira hiyo ninayo mpaka leo.

Kaka alimsimulia mama ukumbini, mimi nikichambua mchele.

"Sasa kwa nini hukuingia, mwanangu?"

"Walikuwa wanakula, mama."

Mama alijifunika kanga usoni, akalia kama aliyefiwa. "Mie," alisema. "Mie ndiye niliyekufunza."

Kaka akapata kazi ya kubeba magunia bandarini. Majirani wakaliacha lile jina la Mama Daktari polepole, kwa huruma, na huruma hiyo ilimuumiza mama zaidi.

Miaka ikapita, ikafika zamu yangu ya kwenda chuo cha ualimu. Mlangoni mama alinishika mkono, hakutaka kuuachia.

"Ukikuta wanakula, ingia," aliniambia. "Kaa. Ule."

Kaka alikuwa nyuma yangu, sanduku langu begani, anasikia.