Kuku wa Kukombolea Mtumbwi

Mtumbwi wenyewe ulikuwa wa plastiki, rangi ya chungwa, wa kukalia mtu mmoja, ile aina wanayoiita kayaki. Aliniachia mzungu aliyekuwa akijitolea kufundisha sayansi shuleni kwetu Masasi, kwa sababu kati ya walimu wote ni mimi peke yangu niliyekuwa nikienda naye bwawani kuvua. Haukupita muda mrefu bodaboda ikanimwaga barabarani pale Nanganga, na tangu hapo mkono wangu wa kulia haupandi juu ya bega. Kasia halipigwi kwa mkono mmoja. Mtumbwi ukawa wa kuku kutagia uani, na mimi nikawa mtu wa kununa.

Wenye maneno waliniambia samaki wanauzwa sokoni. Hawakuelewa. Nashinda na kelele za watoto, nikitoka nakuta kelele za watu wazima, na bwawani ndipo mahali pekee nilipokuwa naisikia akili yangu. Nilitaka kurudi kule kuliko nilivyotaka mkono upone.

Mtu aliyenielewa alikuwa fundi seremala mmoja wa Newala. Yeye Myao, mimi Mmakua, kwa hiyo sisi ni watani, na kwetu utani si kuchekeshana tu. Mtani anakutukana mbele ya wakwe zako na unacheka. Anaweza kukunyang'anya kitu chako mchana kweupe, na huna ruhusa ya kukasirika. Unakikomboa kwa kuku, anakurudishia, kuku mnamla pamoja. Ukifiwa, yeye ndiye anayeshika jembe la kaburi. Tangu ujana wetu hatujawahi kusalimiana kwa adabu, mimi na fundi yule. Yeye akiniona ananiita mla panya, mimi namwita mcheza ngoma asiye na shamba, ndipo tunakaa.

Siku moja Mtwara, kwa muuza vitu chakavu vya makontena, nikakuta fimbo ndefu ya chuma, juu ina mpini wa kuzungusha, chini ina kichwa kama boga dogo na pangaboi lake. Muuzaji aliapa ni mashine ya kukorogea rangi. Mimi niliwahi kuiona kwenye simu ya yule mzungu: mota ya umeme ya kusukuma mtumbwi wa kuvulia. Nikajifanya nina rangi ya kukoroga.

Fundi aliiangalia akaniuliza tutaibana wapi, maana kayaki haina ubao wa nyuma kama boti. Basi akaranda kipande cha mninga, akakilaza kukingama mtumbwi nyuma ya kiti, kikatokeza upande wa kushoto ulipo mkono wangu mzima. Chini yake tukaweka vipande vya tyubu ya baiskeli ili bolti zisiile plastiki, na kila tundu tukaliziba kwa silikoni. Betri ilikuwa ya sola ya nyumbani kwangu. Tuliitia ndani ya dumu la njano lililokatwa juu, tukaifunga nyuma karibu na mota.

Hapo tulikosea. Bwawa letu liko bondeni, ukishateremka mteremko mkali wa Newala kuelekea mto Ruvuma, na siku tuliyoushusha mtumbwi majini nyuma ilizama, pua ikaangalia mbinguni, maji yakanijaa kwenye suruali. Fundi alicheka mpaka akakaa kwenye tope. Kisha akainuka, akaihamishia betri mbele kwenye miguu yangu, tukarefusha waya na kuuwekea fyuzi. Nikazungusha mpini. Mtumbwi ukaondoka bila sauti, hata ndege wa majini hawakuruka. Nilifika katikati ya bwawa kwa mkono wa kushoto peke yake, na machozi yalinitoka, sioni haya kusema.

Niliporudi ukingoni aliyaona. "Lia vizuri, mla panya," akaniambia. "Siku moja nitakuibia mtumbwi huu, ndiyo utajua kulia." Tukacheka wote wawili.

Tulikubaliana mtumbwi ukae kwake, maana Newala ndiko karibu na maji. Kila Jumamosi nilipopata nafasi nilipanda kutoka Masasi, tukateremka wote, mimi nikivua kambale, yeye akilala kivulini. Ulikuwa wakati mzuri mno.

Halafu Jumamosi moja, baada ya wiki nyingi za kukosa nafasi, msimu wa korosho umekwisha, nikafika nikakuta baraza tupu, mtumbwi haupo. Mkewe, ninayemwita shemeji, alinikaribisha akiangalia chini, akasema mumewe kasafiri kikazi. Nikampigia simu. Alicheka kama kawaida yake, akaniambia ameuchukua, utani huo, nilete kuku niukomboe.

Yaani nilifurahi! Nilimtafuta jogoo kijiji kizima cha Chiwata, mwenye upanga mwekundu, nikampakata kwenye gari mpaka Newala akininyea suruali. Nikamkabidhi shemeji. Alimpokea kwa mikono miwili, akasema ahsante kwa sauti ya chini sana. Nikarudi Masasi nikasubiri. Wiki zikapita, na simu yake ikawa haipokelewi.

Aliyenifungua macho ni mwalimu mwenzangu aliyekwenda Mtwara likizo. Alinionyesha picha alizopiga ufukweni, mbele ya nyumba ya wageni mpya. Nyuma yake kulikuwa na kayaki ya rangi ya chungwa, ubao wa mninga, dumu la njano. Nikamuuliza maswali, akajibu bila kujua anachonijibu: mwenye nyumba ile alipewa mtumbwi na fundi mmoja wa Newala, na fundi huyo ndiye aliyepata kazi ya milango na madirisha yote. Jambo hilo lilifanyika kabla ya msimu wa korosho kwisha.

Kabla ya jogoo wangu. Mtumbwi ulikuwa umeshaondoka, na bado aliniagiza kuku. Aliketi akamla, au walimla watoto wake, sijui. Niliingizwa mkenge na mtu ambaye angeniomba tu, angenieleza shida ya kazi, labda ningemsaidia kuupakia. Nilimchukia kwa ajili ya mtumbwi, lakini kwa ajili ya kuku niliumia mpaka nikashindwa kula.

Mwaka huu mjomba wangu, kaka wa mama, amefariki kule Chiungutwa. Watani walikuja kama ilivyo ada, na fundi alikuwa mbele yao, jembe begani. Alilala chali njiani kuzuia jeneza lisipite, akaiga jinsi marehemu alivyokuwa akikoroma, na waombolezaji walicheka huku wakifuta machozi. Kisha akainuka, akarudisha jembe begani, akanigeukia mbele ya ukoo mzima.

"Na huyu mwenye bega bovu," akasema, "analia mjomba, au analia mtumbwi?"

Watu walicheka, wakanigeukia mimi. Ilikuwa zamu yangu kumtukana. Naye alikuwa akinitazama akitabasamu, kama mtu anayenyoosha mkono ashikwe. Ningesema neno moja tu, mcheza ngoma wewe, na kila kitu kingekuwa utani, mtumbwi na kuku na mimi mwenyewe.

Nilimsogelea nikampa mkono. Nikamwambia pole na safari, bwana, tunashukuru kwa kuja kutuzikia. Nikalichukua jembe begani mwake taratibu, nikampa mpwa wangu, na nikawageukia vijana.

"Mleteeni mgeni kiti."

Tabasamu likamfutika. Kiti kikaletwa, cha plastiki, kikawekwa kivulini walipokaa watu wa serikali ya kijiji, na hakuwa na la kufanya ila kukaa. Alikaa pale mpaka tukamaliza kufukia, mikono juu ya magoti, na hakuna aliyemrushia neno. Wali uliletwa, akala kwa adabu, akaaga kwa adabu, akaondoka.

Tangu siku ile hakuna mtu anayenitukana. Na bwawani sijafika.