Chetezo Chini ya Bawa

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya ndege, Dar es Salaam, nilirudishwa nyumbani nikaoge. Mama, kwa furaha ya mwanawe kupata kazi, alikuwa amenipaka mafuta ya asumini toka utosini mpaka visiginoni. Fundi Mkuu akainua kichwa kule mbali. "Nani ananukia harusi humu?"

"Mimi, Mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Kaoge, binti. Pua yako hapa ni chombo cha kazi, kama spana. Petroli ikivuja, pua ndiyo inayojua kwanza."

Basi nikayaaga marashi. Nikatumika Dar, nikahamishiwa Unguja chini ya Mkaguzi mmoja mkali kama pilipili, kisha nikarudi kwetu Bagamoyo kutunza ndege ndogo ya mkulima wa mananasi wa Kiwangwa. Sisi tukimwita Mwenye Ndege. Ilikaa kwenye uwanja wa nyasi karibu na Mlingotini, na niliipenda kuliko zote.

Sasa sikilizeni. Mwenye Ndege alimwoza bintiye Pangani, akaapa kwamba atampeleka kwa mumewe kwa ndege, yeye mwenyewe rubani. Asubuhi hiyo ukoo mzima ukaja kuaga, umejifukiza, umejipulizia. Nikaizunguka ndege kuikagua. Pua yangu, weee, imejaa harusi tupu! Lakini chini ya bawa la kushoto nikaona doa la buluu. Petroli ya ndege ndogo hutiwa rangi hiyo, nayo ikivuja huacha alama. Nikaitazama koki ya chini ya tangi, ile ya kutolea maji yaliyotuama. Tone. Tone jingine.

Nageuka kumwita Mwenye Ndege, nione nini! Shangazi wa bibi harusi huyo anakuja na chetezo, makaa mekundu, udi unafuka, anataka kuifukiza ndege!

"Shangazi! Simama hapo hapo!"

"Nisimame? Mwanangu hapandi chombo kisichofukizwa!"

"Bawa linavuja petroli! Ukisogea tutafukizwa sote!"

"Yarabi!" Akarudi kinyumenyume mpaka barabarani, kanga imemdondoka.

Nikawahamishia watu wote mbali, upande unakotoka upepo. Mwenye Ndege akaninong'oneza, "Fundi, kwa gari kupitia Msata tutakuta walima umekwisha. Si matone tu hayo?"

"Baba, anayepanda ni mwanao."

Akaenda kuchukua kizimamoto. Tukaunga waya ardhini ili cheche isizuke, tukaimwaga petroli kwenye madebe, nikaifungua koki. Pete yake ya mpira, inayozuia mvujo, ilikuwa imekauka na kupasuka. Nikatia mpya, tukajaza tangi, nikaibana koki kwa kitambaa cheupe, nikangoja. Kikavu! Bibi harusi akapiga kigelegele mwenyewe, bila haya, nami nikamjibu na bisibisi mkononi. Walima waliuwahi, tena wa moto.

Vijana huniuliza nimechoshwa na nini katika kazi ile. Sikuchoshwa na kitu, wallahi, ila marashi niliyatamani. Siku niliyostaafu, Shangazi yule yule akabisha hodi, chetezo mkononi, akasimama mlangoni.

"Leo je, Fundi? Nisimame hapo hapo?"

"Sogea, Shangazi. Sogea!"

Nikasimama juu ya chetezo, udi ukanipanda ndani ya gauni, nikacheka mpaka machozi. Laiti mama angekuwapo, aninuse.