Mchanga Uliokaangwa

Kericho tunapigana na maji. Mvua hunyesha karibu kila alasiri, shuka hukaa kwenye kamba mpaka zinuke, na viatu ukivisahau chini ya kitanda vinaota ukungu. Hapa mtu akikupenda anakukausha: anakusogezea jiko, anaweka soksi zako juu ya sufuria. Kwa hiyo shemeji yangu, anayefuga kobe kwa kibali kule bondeni kwenye joto, aliponiletea mtoto wa kobe baada ya kibali changu kutoka, sikuwa na mengi ya kufikiri. Nitamkausha.

Sikusomea wanyama popote. Nimejifundisha kwa simu, nikitazama video za watu wa ng'ambo wenye sauti za kubembeleza, wanaowavika kobe wao kofia za Krismasi. Niliwadharau tangu mwanzo, na bado nilitazama video zao zote, nyingine mara mbili, kwa sababu mimi ni mtu wa wasiwasi. Nikifunga mlango lazima nirudi kuusukuma. Wote walisema jambo moja: mtoto wa kobe aogeshwe, awe na sahani ya maji, udongo wake uwe na unyevu. Nikacheka. Mtu anayeishi kwenye nyumba yenye mabomba ya joto ukutani atamfundisha nini mtu wa Kericho kuhusu unyevu?

Nikatengeneza kasha la mbao. Pembe moja ilikaa upande, nikalibomoa, nikaanza upya. Mchanga niliuchekecha kwa chujio la chai, kisha nikaukaanga kwenye sufuria kama njugu, nikiukoroga ili isibaki hata punje yenye maji. Juu nikaning'iniza balbu nyekundu, ile ya kulelea vifaranga. Sahani ya maji sikuweka. Nilipomaliza nilikaa sakafuni nikajisifu, jambo ambalo huwa silifanyi.

Kobe mwenyewe angeenea kwenye kikombe. Alitembea mpaka kwenye kona, akaingiza kichwa, akafumba macho. Nilimkatia jani la malenge vipande vidogo vilivyolingana. Hakufumbua macho. Kesho yake vipande vilikuwa vimesinyaa pale pale, na macho yake yalikuwa yamezama kidogo, kama ya mtu aliyeugua. Mimi pia sikula. Nikaishusha balbu.

Jirani yangu, mtu wa kutoka upande wa ziwa anayefanya kazi kwenye kiwanda cha chai, alikuja kuchungulia.

"Ndugu yangu," alisema, akijipepea kwa kofia, "hii joto ni kama ya kule kwetu kazini. Wewe unafuga kobe ama unakausha majani?"

Nilimwona mjinga. Mtu anayekula samaki na kichwa chake, niliwaza, anajua nini kuhusu kobe. Nikaishusha balbu tena.

Siku iliyofuata mama alitoka nyumbani, upande wa Bomet, akiwa na chupa ya maziwa. Mama yangu hajawahi kukutana na kiumbe asichoweza kukipa maziwa. Ndama aliyeachwa, paka, mgeni, mtu wa kukusanya kura za maoni: wote wamekunywa. Aliinama juu ya kasha.

"Huyu mtoto anakufa," akasema.

"Amelala, mama."

"Mimi nimezaa, sijui kulala? Huyu anataka *chego*." Hilo ndilo jina la maziwa kwetu.

"Kobe hanyonyi, mama! Anatoka kwenye yai!"

"Na nani alimwambia asikunywe?"

Mvua ikaanza. Nikakimbia nje kuokoa nguo kwenye kamba, kama wapangaji wote kwenye ploti. Niliporudi na shuka begani, kobe alikuwa kwenye sahani, maziwa yamemfika shingoni, na mama ameshika kichwa chake kwa vidole viwili kama anayembatiza.

Nilipiga kelele ambazo sitazirudia hapa. Nikamnyakua, nikamimina maji ya vuguvugu kwenye beseni, nikamweka humo nimsugue yale maziwa kabla hayajaganda. Nilikuwa na hakika ninamwosha maiti.

Shingo ikatoka. Ikarefuka kuliko nilivyodhani inaweza. Macho yakafumbuka, meusi, yenye kung'aa, na kobe akazamisha mdomo wake majini akanywa. Akanywa huku koo likipanda na kushuka, bila kupumzika, bila adabu, kama mtu aliyetoka kuchuma chai tangu alfajiri. Alikuwa na kiu. Hakukuwa na ugonjwa wowote.

"Si nilisema?" mama aliuliza.

"Hayo ni maji, mama."

"Maji imemalizia tu. Maziwa ndiyo imefungua macho."

Nikachukua birika nikaumwagia mchanga wangu maji. Mkono ulikataa mwanzoni. Kwetu hakuna anayelowesha kitu ndani ya nyumba kwa makusudi. Nikaipandisha balbu. Nikamrudisha kobe na kumwekea jani zima, maana sikuwa na subira ya kulikata.

Nyuma yangu mama alikuwa ameshampigia mama mdogo simu. "Ni *chego* tu, dada. Hawa watoto wa simu hawajui kitu." Nilikuwa na jibu, tena kali. Lakini kobe alikuwa amefungua mdomo juu ya ukingo wa jani, na niliogopa kwamba nikisema neno hataufunga.

Akaufunga. Jani likabaki na pengo dogo.